Elite Four wa Pokémon: tunalia na levo wakati kesi iko kwenye begi la dawa

Kila ikitoka gemu mpya ya Pokémon ugomvi unarudi uleule. Kundi moja linasema Elite Four wa siku hizi ni mdebwedo, zamani ndo kulikua na kazi, kundi la pili linajibu jamani hii ni gemu ya watoto, mnataka walie? Wakishachoka kubishana wote wanakimbilia kwenye levo: wawaongezee levo, wasiwaongezee levo. Mi naona wote wanapiga pembeni, levo ina sehemu yake ndio, ila ni ndogo kuliko tunavyoipa.

Kwa ambae hajawahi kucheza, iko hivi. Unazunguka nchi nzima na Pokémon wako, viumbe unaowafuga na kuwapiganisha, unapiga viongozi wa jimu nane, unakusanya beji nane, unapita kwenye pango refu la kuchosha linaitwa Victory Road, alafu unafika makao makuu ya ligi. Mle ndani kuna watu wanne, ndo Elite Four wenyewe, unawapiga mmoja mmoja kwa kufuatana, ukimaliza hao unakutana na bingwa. Ukishaingia hutoki, na katikati hamna Pokémon Center ya kuponyesha timu yako bure. Ukipigwa na bingwa unarudi kuanza na yule wa kwanza. Yani kwa jinsi ilivyopangwa huu ni mtihani wa pumzi, mapambano matano mfululizo na Pokémon sita uliokuja nao, ukimchosha mmoja kwa wa kwanza utamkosa kwa wa nne. Hiyo ndo maana yake, na hiyo ndo ilitakiwa iwe utamu wake.

Tuanze na wa zamani maana ndio wanaosifiwa kuliko wote. Gemu za kwanza, Red na Green, zilitoka Japani Februari 1996, na wanne wenyewe walikua Lorelei wa barafu, Bruno wa ngumi, Agatha wa mizimu na Lance wa madragoni. Ukisikia watu wanavyowasimulia utadhani walikua majabali, kumbe ukiwafungua ndani ni vichekesho. Bruno, mtu wa karate, ana Onix wawili ambao ni mawe matupu, ukiwamwagia maji wameisha. Agatha anaitwa bibi wa mizimu ila timu yake nzima, watano wote, wana sumu ndani yao, na kuna Arbok na Golbat pale ambao hata undugu na mizimu hawana, kwaiyo Alakazam mmoja wa saikiki, yani nguvu za akili ambazo zinaiumiza sumu, aliyelelewa vizuri anafagia sehemu kubwa ya ile nyumba.

Lance ndo kabisa. Kompyuta ya enzi zile ilifundishwa kupenda shambulizi ambalo aina yake inamuuma mpinzani, basi, haikuangalia kama hilo shambulizi linamgusa mtu kweli. Sasa Agility na Barrier ni mbinu za aina ya saikiki, moja inaongeza mbio nyingine inaongeza ulinzi, hamna anaeumia hapo. Ila saikiki ni kiboko ya sumu. Kwaiyo ukimsimamisha Pokémon mwenye sumu mbele yake, hata Venusaur wako uliyeanza nae tangu yuko mdogo, yule Dragonite wa levo 62 anaanza kujiongezea mbio na kujijengea ukuta zamu baada ya zamu anaona anakukomesha, na wewe unamgonga taratibu mpaka anaanguka. Huyo ndo mtu wa mwisho kabla ya bingwa! Alafu kuna Lapras unayepewa bure kule Silph Co., ukimfundisha Blizzard, shambulizi la barafu, ambayo wakati ule ilikua inalenga kwa asilimia 90, madragoni wa Lance wanalala kama walivyojipanga. Na dragoni halisi kwenye timu yake ni watatu tu kati ya watano, Gyarados na Aerodactyl wamealikwa.

Sa kwanini tuliteseka? Hapo ndo kundi la kwanza lina hoja nusu. Giovanni, kiongozi wa jimu ya nane, anamalizia na Rhydon wa levo 50. Unamtoka huyo unakutana na Lorelei anaanzia 53, na ukifika kwa Blue ambae ndo bingwa unakuta mpaka levo 65. Wengi wetu tuliingia na Charizard mmoja wa levo 60 na wenzake watano wa levo 30 na kitu ambao kazi yao ilikua kukata miti na kuogelea. Kwaiyo ugumu ulikuwepo kweli, ila haukutoka kwa Lorelei wala Lance, ulitoka kwenye ulezi wetu mbovu. Na wengine huku kwetu tulicheza kwenye emuleta ya simu, unasevu katikati ya pambano, ukikosea unarudisha nyuma sekunde tano kama hamna kilichotokea, alafu leo mtu huyohuyo ndo anakaa anasema watoto wa siku hizi wanabebwa.

Kizazi cha pili, Gold na Silver za 1999, ni ushahidi mwingine kwamba levo ni namba ya kuchezewa. Kule Elite Four wanaanzia levo 40 na Lance, ambae sasa amepandishwa kuwa bingwa, anaishia 50, chini kuliko miaka mitatu nyuma, sababu baada yake bado kuna nchi nzima ya Kanto ya kutembea. Na ili aonekane anatisha wakampa Dragonite watatu, wawili wa levo 47 na mmoja wa 50, wakati wewe mchezaji Dragonair wako hageuki Dragonite mpaka levo 55. Ghetsis, adui wa mwisho kwenye Black na White za 2010, ana Hydreigon wa levo 54, wa kwako utamsubiri mpaka 64. Hapo naomba niwe mkweli, hiyo aina ya uhuni mi naipenda. Mtu wa mwisho anatakiwa awe na kitu ambacho wewe huna.

Haya, upande wa pili nao. Wanaotetea urahisi wana kitu wanachokiona vizuri kuliko wale wa kwanza, nacho ni kwamba hawa watu wanne ni wahusika kabla hawajawa ukuta. Kila mmoja kushika aina moja, huyu moto huyu mizimu, kunampa mtoto nafasi ya kusoma adui na kujipanga, ukipigwa na Phoebe wa mizimu leo unajua kesho unakuja na giza. Hiyo ni elimu kabisa na gemu nyingi za aina hii haziifanyi vizuri hivo. Waliolaumu ule mpango wa aina moja moja wanasahau kilichotokea ulipovunjwa. Diamond na Pearl za 2006 zilikua na uhaba wa Pokémon wa moto, kwaiyo Flint, mtu wa moto, mwenye nywele za moto na nguo za moto, akaja na Rapidash na Infernape alafu wengine watatu ni Steelix, Drifblim na Lopunny. Sungura! Watu walicheka na mpaka leo wanacheka, Platinum ilipotoka 2008 ndo wakamrekebisha.

Lakini tena, nani anakumbukwa kwenye ile ligi ya Sinnoh? Sio Aaron wala Bertha, ni Cynthia, bingwa wao. Na Cynthia hana aina. Anafungua na Spiritomb, mzimu na giza kwa pamoja, ambae kipindi kile hakua na udhaifu hata mmoja mpaka aina ya Fairy ilipokuja 2013, alafu ana Roserade, Gastrodon, Lucario, Milotic, na mwisho Garchomp wa levo 66. Huwezi kumjia na Pokémon mmoja ukamfagia wote. Kwaiyo nikiweka mizani, aina moja kwa wale wanne sina ugomvi nayo, bingwa ndo aachwe huru, na mara nyingi series yenyewe imefanya hivo.

Kizazi cha sita ndo sioni cha kuwatetea. X na Y, 2013, EXP Share ikabadilishwa ikawa inagawa uzoefu kwa timu nzima, hata kwa ambao hawajapigana, alafu kwa wakati uleule wale wanne wakapewa Pokémon wanne wanne kila mmoja. Malva, Siebold, Wikstrom, Drasna, wanne kwa wanne. Drasna anaongea na wewe kwa upole, anakutolea Dragalge, Druddigon, Altaria na Noivern, na ukiwa na mtu wa barafu au Fairy kwenye timu hajamaliza kukaribisha mgeni umeshaondoka. Malva alikua kwenye Team Flare, kundi lile la wahalifu unalolipiga gemu nzima! Hapo kulikua na hadithi nono kabisa, mtu anakaa kwenye kiti cha heshima cha taifa huku ni muhuni, na wameipitia juu juu. Wanaosema zile ligi ni dhaifu wako sahihi, ila angalia dhaifu kwa lipi: timu fupi. Ukimpa Drasna levo 80 na Pokémon walewale wanne bado utampiga kwa mtindo uleule, utachukua tu muda mrefu zaidi.

Novemba 2021 ndo tukapata jaribio zuri la hii mada bila kuliomba. Brilliant Diamond na Shining Pearl, marudio ya zile za Sinnoh, watu walizicheza wakilalamika mwanzo mpaka mwisho ni rahisi, EXP Share haizimiki, kila jimu unapita umelala. Alafu wakafika kwa Elite Four. Ghafla kila mmoja Pokémon wake wameshikishwa vitu vya kuwasaidia, Pokémon wamefundishwa kama wa mashindano, yule Milotic wa Cynthia ameshika Flame Orb anajiunguza makusudi ili ngozi yake iwe ngumu zaidi, na Garchomp ana tunda la kumkinga na lile pigo moja la barafu ulilokua unamuwekea matumaini. Levo ya huyo Garchomp? 66. Ileile ya 2006. Namba haijaguswa na kilio kilikua kikubwa kuliko miaka yote, watu wazima waliocheza kila kizazi wanaomba msaada.

Kuna waliolalamika kwamba sio haki, gemu inakubembeleza masaa thelathini alafu inakupiga kofi dakika ya mwisho bila kukuandaa, na mi hilo lalamiko nalikubali asilimia zote. Mtihani mgumu unatakiwa uwe na mazoezi magumu kabla yake. Ila ona walivyopita. Wengi hawakutoka nje kwenda kutengeneza timu mpya, hapana, walienda dukani wakanunua Full Restore za kuponyesha na Revive za kufufua, za kutosha, wakarudi. Mbinu yenyewe unaijua, Pokémon mmoja anatolewa sadaka, wakati anapigwa wewe unamfufua mwingine, huyo aliyefufuka anatolewa sadaka unamponya wa tatu, mnyororo unaendelea hivo mpaka mpinzani anaishiwa. Cynthia aliyeandaliwa kwa akili kiasi kile kaishia kupigwa na mfuko wa pesa.

Na hapa ndo nilipokua naelekea muda wote. Full Restore moja kwenye gemu za zamani ni 3,000, na ukifika mwisho wa gemu pesa huna pa kuzipeleka. Hata begi la 1996 ambalo lilikua dogo, nafasi 20 tu, kila nafasi inabeba mpaka 99. Unaingia kwenye mtihani wa pumzi umebeba duka la dawa mgongoni, wenyewe wana dawa mbili tatu za kuhesabu. Kati ya pambano na pambano unafungua menyu unaponyesha wote wanarudi wapya, na gemu nyingi zinakuruhusu usevu palepale kabla ya kuingia mlango unaofuata. Sasa lile wazo la kumchosha mmoja leo ukamkosa kwa wa nne liko wapi? Halipo. Pokémon Center imefungwa mlango wa mbele imeachwa dirishani.

Kinachonishangaza ni kwamba waliotengeneza wanalijua hili vizuri sana. Ukicheza na rafiki yako kwa kuunganisha, begi halifunguki. Battle Tower, tangu Crystal ya mwaka 2000, begi halifunguki. Mashindano rasmi ya dunia, vilevile. Yani kila mahali ambapo series inataka kupima mchezaji kwa kweli inaondoa dawa, isipokua mahali pamoja, kwa watu inaowaita bora kuliko wote nchini. Na wanaocheza kwa sheria zao wenyewe, hizi za Nuzlocke ambapo Pokémon akizimia umemzika, wakitaka ugumu zaidi cha kwanza wanachojinyima ni begi wakati wa pambano, cha pili ndo wanajiwekea mwisho wa levo. Jaribu siku moja kumpiga hata huyu Agatha tunaemcheka, timu levo sawa na yake, bila dawa, na Gengar wake anakulaza usingizi alafu anakula ndoto zako. Utamheshimu bibi wa watu.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo ni nzito na siwezi kuiruka. Indigo Disk, ile nyongeza ya Scarlet na Violet ya Desemba 2023, ina Elite Four wa shule ya Blueberry, Crispin, Amarys, Lacey na Drayton, na bingwa wao ni Kieran, na kwa maoni yangu ni kati ya mapambano bora kabisa ya ligi kwenye series nzima. Lakini hawapigwi mfululizo. Kila mmoja unamfuata kwa muda wako, unafanya jaribio lake kwanza, katikati unaponyesha ukitaka, na begi lipo. Kwaiyo mtu anaweza kuniambia mkuu, mbona wamekua wazuri bila hayo masharti yako?

Jibu ninaloliona ni kwamba kule wanapigana wawili kwa wawili. Ukitumia zamu ya Pokémon mmoja kufungua begi, unabaki na mmoja anaepigana dhidi ya wawili, na wale wawili wanaweza kumshukia yuleyule uliyetoka kumponya wakamlaza tena. Dawa inakua na gharama. Hawajaliondoa begi, wamelifanya lisilipe, na pengine hiyo ni njia ya kiungwana kuliko yangu ya kufunga zipu. Ila kuna kitu kimepotea pale, ile hofu ya kuingia mlango ukijua hurudi nyuma hamna, kila mmoja amekua jimu ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja. Sword na Shield za 2019 nazo zilifuta kabisa wale wanne zikaweka mashindano ya uwanjani, watu wanapiga kelele majukwaani, Leon na Charizard wake mbele ya umati, kwa macho ni burudani kubwa kuliko zote, ila na zenyewe zilituonyesha kwamba vile vyumba vinne vya kimya vilikua na kazi yake.

Paldea, yani Scarlet na Violet zenyewe za 2022, zilielewa wahusika kuliko kizazi chochote. Rika anakufanyia intaviu ya kazi kabla hujaruhusiwa kupigana, ukijibu ovyo unarudishwa. Poppy ni katoto kenye Pokémon wa chuma. Larry ni mfanyakazi wa ofisi aliyechoka, kiongozi wa jimu na Elite Four kwa wakati mmoja, kazi mbili na uso uleule wa Jumatatu asubuhi. Hassel ni mwalimu wa sanaa anaelia kwa furaha. Hawa watu nawapenda wote. Alafu unafika kwa Geeta, bosi wao, mtu ambae gemu nzima unaambiwa ndo kilele, na anamweka Glimmora mwisho. Glimmora akipigwa pigo la mwili anamwaga miiba ya sumu upande wako, iwadhuru wanaokuja baadae, yani faida yake yote iko mwanzoni. Ana Kingambit pia, ambae anazidi kuwa na nguvu kadiri wenzake wanavyoanguka, huyo ndo alitakiwa afunge, na hafungi. Wangewabadilishana nafasi tu, bila kugusa levo hata moja, ungekua na bingwa mwingine kabisa.

Sasa mtoto. Maana nikisema ondoeni begi kuna mtoto mahali ana Pokémon mmoja anaempenda na watano aliowaokota njiani, na begi ndo linamfikisha kwenye Hall of Fame, ule ukumbi wa kuandikwa washindi, na kumnyima hilo ni roho mbaya. Karen, yule wa giza wa Gold na Silver, ndo huyohuyo anaesema mchezaji hodari ajitahidi kushinda na wale anaowapenda, na nakubaliana nae. Ndo maana mi sitaki sheria ya lazima, nataka uchaguzi. Zamani kwenye mipangilio kulikua na chaguo la kupigana bila kuruhusiwa kubadilisha Pokémon bure kila mpinzani akianguka, kitu kidogo tu, kilikua hakimsumbui mtoto yeyote na kilikua kinawatosha wakubwa, Scarlet na Violet wakakitoa. Hapo ndo wanapokosea, wanapunguza machaguo badala ya kuongeza.

Yule mtu anaesimama mlangoni kukuuliza uko tayari au bado aulize swali la pili: begi unaliacha kwangu au unaingia nalo? Ukiingia nalo sawa, hakuna atakaekuzomea, hadithi inaisha vilevile na jina lako linaandikwa. Ukiliacha, nao wapinzani waache dawa zao, alafu kule Hall of Fame pembeni ya picha za timu yako wakuwekee kanyota kamoja kadogo.